Vizazi vitatu vya mafundi majeneza Kemondo

Ukitoka Bukoba mjini kwenda Muleba, barabara hupanda na kushuka katikati ya migomba, ziwa likipotea na kuonekana, mpaka linapojitokeza wazi mkono wa kushoto. Hapo ni Kemondo. Ni mji mdogo wa bandari wenye maduka pande mbili za barabara, bodaboda zilizojipanga kusubiri abiria, kina mama wa ndizi na dagaa, na chini kabisa gati ambako meli ya Mwanza husimama kupakia watu na mikungu.

Nyuma ya maduka, kwenye njia ya udongo mwekundu inayoingia vibanjani, ipo karakana ya familia moja ambayo imekuwa ikitengeneza majeneza tangu kabla ya Uhuru. Haina kibao. Ukimuuliza dereva wa bodaboda hatakutajia neno jeneza, atakwambia tu, "kule kwa mafundi", na atakushusha hatua kadhaa kabla ya kufika. Mteja akimaliza kulipa huondoka bila kuaga. Hakuna anayetaka kuambiwa "karibu tena".

Kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya nimezoea kuuliza maswali kwenye zahanati na hospitali. Safari hii nilitaka kuuliza mahali ambapo watu hufika baada ya hospitali kushindwa.

Wenyeji wangu walinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Wahaya huziita akamwani, kisha wakatoa sharti moja: nisiandike jina la ukoo wao. Nilidhani ni kwa ajili ya aibu, kwa kuwa wapo wanaowaona mafundi wa majeneza kama watu wanaoombea wenzao mabaya. Mzee wa nyumba hiyo, ambaye amevuka miaka 70, akanisahihisha. "Jina likiandikwa gazetini linakuwa tangazo, mwanangu. Kazi hii haitangazwi. Mtu akifa watu watakuja wenyewe."

Aliyeianza kazi hiyo ni baba yake. Wamisionari Wakatoliki, wale White Fathers, walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1892, na kadiri misheni zilivyoongezeka mkoani ndivyo zilivyohitaji watu wa kutengeneza milango, madirisha na viti vya kanisani. Vijana waliofundishwa useremala huko walirudi vijijini na ufundi huo. Huyu alirudi Kemondo na randa moja, msumeno na patasi mbili, akaanza kutengeneza vitanda.

Wakati huo maiti wengi wa Buhaya hawakuhitaji seremala. Marehemu alifungwa kwenye lubugo, kile kitambaa cha rangi ya kutu kinachotokana na gome la mti wa mtuba, gome likilowekwa na kupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike kama nguo. Aliyekuwa na uwezo alifungwa matabaka mengi, na maskini alipata chache. Kisha alizikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake mwenyewe, hatua chache kutoka mlangoni. Hilo la kuzikwa kibanjani halijabadilika. Mgeni akitembea vijijini huku asishangae kukuta makaburi yenye misalaba na vigae katikati ya migomba ya kula. Ardhi ya Mhaya ina wenyewe, walio juu na walio chini.

Jeneza liliingia taratibu pamoja na kanisa. Kwanza lilikuwa la katekista na mwalimu, baadaye la mwenye kahawa nyingi, mwishowe la kila Mkristo, hata yule ambaye ndugu zake watalazimika kukopa. Waislamu wa Kemondo wao wana jeneza lao la msikitini, lile la kubebea tu, ambalo humfikisha marehemu kaburini akiwa na sanda yake na kurudi kumsubiri mwingine. La hapa lilitengenezwa na baba wa mzee kwa mbao za mvule. Mzee anasema ni kazi pekee ya baba yake ambayo bado anaweza kwenda kuitazama, maana nyingine zote ziko chini ya ardhi.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote karakanani humo ni namna walivyokuwa wakichukua vipimo. Futi ya chuma ipo, imening'inia ukutani, lakini haikutoka nje ya karakana. Kipimo kililetwa na wafiwa. Ndugu mmoja wa marehemu alichukua ukamba wa mgomba uliokauka, akaulaza kando ya mwili kuanzia utosini hadi kwenye visigino, akafunga fundo. Akaja nao mkononi. Mara nyingi hakuhitaji kusema neno. Fundi akiona mtu anaingia ameshika ukamba, aliweka randa chini na kusimama. Upana ulikuwa na fundo lake, bega kwa bega. Fundi aliongeza shubiri moja kwenye urefu, na jeneza likikamilika ukamba uliwekwa ndani yake, chini ya kitambaa, ukazikwa na mwenyewe.

Mzee alianza kupokea kamba hizo kwa mikono yake mwenyewe baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, baba yake alipoanza kupoteza nguvu za macho. Hakujua kwamba alikuwa anaingia kazini katika muongo mbaya kuliko yote ambayo mkoa huu umepata kuiona.

Baada ya vita mpaka wa Uganda ulijaa biashara ya magendo. Miongoni mwa bidhaa zilizopendwa na vijana yalikuwa mashati yaliyoitwa Juliana. Ugonjwa wa ajabu ulipoanza kuwakondesha wafanyabiashara hao na wapenzi wao, watu waliuita Juliana pia. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu wa Kagera, mwaka 1983. Miaka minne baadaye, watafiti walipopima damu za watu wazima, walikuta VVU kwa karibu asilimia 24 ya waliopimwa Bukoba mjini, na asilimia 10 katika vijiji vya Bukoba na Muleba.

Nimezisoma takwimu hizo mara nyingi tangu chuoni. Mzee alinieleza jambo lile lile kwa kutumia kamba. "Ukamba wa urefu ulikuwa wa mtu mzima," alisema, akinyoosha mikono. "Ukamba wa upana ulikuwa wa mtoto." Mara ya kwanza alidhani aliyepima amekosea. Akamrudisha akapime upya. Yule kijana alirudi na ukamba wenye fundo palepale, akamwambia kwa upole, "Fundi, ndivyo alivyo." Tangu siku hiyo mzee hakumrudisha mtu tena.

Wapo madaftari. Ni ya shule, yenye majalada yaliyolegea, yamefungwa kwa uzi na kuhifadhiwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Kila ukurasa una tarehe, kijiji, futi kwa futi, aina ya mbao, kiasi kilicholipwa na kiasi kinachodaiwa. Majina hayaandikwi, huandikwa "mtoto wa fulani" au "mke wa fulani", na sitayarudia hapa. Katika madaftari ya zamani ukurasa mmoja unabeba miezi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mistari inabanana, mwandiko unakuwa wa haraka, na kibanja kilekile kinarudi, mara ya pili, ya tatu. Mzee alinyamaza nilipokuwa nafunua. Mkewe, ambaye ndiye aliyeshona vitambaa vya ndani vya majeneza yote hayo, aliniambia kilichokuwa kigumu kuliko wingi wa kazi: kamba zilianza kuletwa na watoto. Wazazi wamekwisha, shangazi wamekwisha, mtoto wa darasa la nne anasimama mlangoni na ukamba wa mama yake. "Huwezi kumwambia mtoto bei," alisema.

Kwa hiyo waliwapa. Kwenye safu ya deni, mstari baada ya mstari, kuna neno moja: kahawa. Maana yake atalipa msimu wa kahawa. Mingine imekatwa kwa wino baada ya kulipwa, na mingine imekatwa bila kulipwa, kwa sababu aliyeahidi kulipa naye alikuja kuletewa ukamba.

Watafiti waliozifuatilia kaya za Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1990 waligundua kwamba familia zilizofiwa na mtu mzima zilitumia kwenye mazishi karibu asilimia 50 zaidi ya zilichotumia kwenye matibabu yake. Wakati ule Ukimwi haukuwa na dawa, na pengine familia zilijua wapi fedha ingeonekana. Bado naiona hesabu hiyo kuwa kali. Nilimweleza mzee, nikitarajia atajitetea. Alitikisa kichwa tu. "Hospitalini mtu aliambiwa hakuna dawa. Hapa hakuna aliyeambiwa hakuna jeneza."

Kulikuwa na hofu pia. Miaka ya mwanzo baadhi ya watu waligoma kuosha maiti za waliokufa kwa Ukimwi, wengine wakaziviringisha kwenye nailoni kabla ya kuziweka jenezani, na wapo walioshika kamba zenyewe kwa majani ya mgomba. Mzee aliendelea kuzipokea kwa mkono. Hakuwa na elimu ya virusi. Alisema tu kwamba asingeweza kumpokea mfiwa kwa kijiti. Kwa ugonjwa ule hakuwa amekosea: VVU haviambukizwi kwa kumgusa mtu, awe hai au amekufa, wala kwa kushika kitu kilichomgusa. Mkono wake ulikuwa salama.

Kisha likaja tukio ambalo Kemondo haitalisahau. Usiku wa Mei 20, 1996, mv Bukoba ilitoka Bukoba na kusimama katika gati hili kupakia abiria wengine, wengi wakiwa na mizigo ya ndizi za kuuza Mwanza. Asubuhi ya Mei 21, ikiwa imekaribia kufika, ilipinduka na kuzama. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800.

Nilidhani karakana ilizidiwa na kazi siku hizo. Ilikuwa kinyume. "Hatukupigilia msumari hata mmoja kwa ajili ya meli," mzee alisema. Wengi wa waliokufa walizikwa Mwanza, eneo la Igoma, ambako makaburi na mnara wao vipo hadi leo, na wengine hawakuonekana. Huku nyumbani matanga yaliwekwa karibu kila upande, watu wakalala nje, moto ukawashwa, lakini hakukuwa na mwili wa kupimwa. Familia mbili zilimwomba awatengenezee jeneza hivyohivyo, lizikwe tupu. Alikaa na jambo hilo usiku mzima, akakataa, akawapelekea kuni za matanga badala yake. Mkewe mpaka leo anaamini angewatengenezea. Walianza kubishana tena mbele yangu, miaka hii yote baadaye, na sauti zao zilionyesha kwamba si mara ya kwanza.

Kuanzia mwaka 2004 Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza makali ya VVU, madaftari yanabadilika tena. Mistari inaachana. Na katikati ya majeneza yanaanza kuonekana maneno ambayo hayakuwapo kwa miaka mingi: kitanda, kabati, mlango wa mbele. Mzee alinionyesha kurasa hizo kwa furaha kuliko nyingine zote. Wapo watu Kemondo waliowahi kuandaliwa mbao na ndugu zao, ambao leo wanapita hapo kununua stuli.

Wana wake wawili wa kiume waliondoka miaka hiyohiyo, kazi ilipopungua. Aliyebaki ni binti, wa pili kuzaliwa, ambaye alikuwa amejifunza kushona kutoka kwa mama yake. Alipoanza kushika randa wateja walikuwa wakimpita na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Sasa ana zaidi ya miaka kumi kazini na vijana wawili anaowafundisha. Mbao anazotumia ni msizi na paina, mvule umekuwa adimu na bei yake haishikiki.

Ni yeye aliyeondoa kamba.

Machi 21, 2023, Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilaya hiihii ya Bukoba Vijijini, ni Marburg. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kutangazwa nchini. Watu tisa waliugua na sita wakafariki dunia, akiwamo mtumishi wa afya, kabla ya mlipuko kutangazwa umekwisha Juni 2. Marburg ni ndugu wa Ebola na tabia zake hazifanani na za VVU. Mgonjwa anapokufa, mwili wake, damu, jasho na matapishi yake bado vinaweza kuambukiza. Anayemwosha, anayemkumbatia kumuaga, anayemvisha, wote wako hatarini. Ndiyo maana mazishi yalifanywa na watu waliovaa mavazi maalumu, ndugu wakisimama mbali.

Binti alisikia maelezo hayo kwenye mkutano wa hadhara, akarudi nyumbani na kumwambia baba yake kwamba ukamba ule unalazwa juu ya mwili, unashikwa na mtu aliyetoka kuushika mwili, kisha unaingia mikononi mwao. Mzee alikataa. Alikumbusha miaka ya Juliana: waliogopa watu, waliogopa kamba, na wote waliogopa bure. Kwake hii ilikuwa hofu ileile imebadilishwa jina.

Hapo ndipo naona ugumu ambao sisi tunaoandika habari za afya huupita haraka. Tuliwaambia watu kwa miaka mingi, na kwa haki kabisa, wasiogope kuwagusa waliokufa kwa Ukimwi. Walielewa, ikachukua muda. Halafu tukarudi kuwaambia waogope. Kwa mzee aliyejengea heshima yake yote juu ya kutoogopa kugusa, huwezi kutegemea bango la ukutani limbadilishe. Binti hakubishana naye. Alianza tu kuamka mapema na kukaa yeye mlangoni, na kila aliyekuja na ukamba alimwomba autupe motoni kabla hajavuka kizingiti. Baba yake hakusema naye kwa siku tisa. Siku ya kumi alitoka, akakaa kwenye benchi karibu naye, akamsogezea mfiwa ndoo ya maji na sabuni.

Mlipuko uliisha, kamba hazikurudi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marburg ikaibuka tena, safari hii Biharamulo, upande wa kusini wa mkoa, na wote kumi waliohesabiwa kuugua wakafa. Kemondo haikuguswa, lakini ndoo ilikuwa bado ipo mlangoni.

Wanachobishania sasa ni fedha. Majeneza yaliyokwisha tengenezwa, yenye vishikio vinavyong'aa na dirisha la kioo, yanapatikana mjini na kufikishwa kwa gari siku hiyohiyo. Wenye vyama vya kuzikana hununua hayo kwa fedha taslimu. Karakana inabaki na wasio na fedha taslimu. Binti anataka nusu ilipwe kabla ya mbao kukatwa, kwa sababu muuza mbao hamkopeshi na vijana wake wanakula kila siku. Baba anasema siku watakapomdai mfiwa kwanza, watakuwa duka kama maduka mengine, na kwa duka wameshashindwa. Mama anamuunga mkono mmoja leo na mwingine kesho. Mimi ningekuwa upande wa binti, ila sikuwahi kumtazama mtoto aliyeshika ukamba.

Alasiri, nikiwa bado nimekaa nao, bodaboda ilisimama mbali kidogo na kijana mmoja akaja kwa miguu. Alifiwa na kaka yake alfajiri. Alinawa kwenye ndoo bila kuambiwa. Binti alimpa pole, akampa kiti, akasubiri kidogo, kisha akamuuliza swali ambalo sasa ndilo kipimo chao: "Alikuwa sawa na nani?"

Kijana alifikiri. "Tulikuwa sawa," alisema. "Tulivaliana nguo."

Kwenye mwimo wa mlango wa karakana kuna mistari mingi ya penseli, juu na chini, kama ile ya nyumba zenye watoto wanaokua. Kijana alivua viatu, akasimama wima na kuegemeza kisogo kwenye ubao. Mzee akainuka kwenye benchi, akachukua penseli iliyokuwa sikioni mwa binti yake, na kumwambia kwa sauti ya chini asiinue kidevu.